Stepu Ni Rahisi, Nafasi Ndiyo Kazi

Kundi jipya la kava ya K-pop, yaani la kuiga dansi za muziki wa pop wa Korea, likikutana mara ya kwanza, ubishi huwa ni wimbo gani uchezwe. Kila mtu ana wake. Tulishaacha kuanzia hapo. Swali la kwanza sasa ni: mko wangapi mtakaofika kila Jumamosi bila kutafutwa kwa simu? Wakiwa watano, tunatafuta wimbo wa kundi la watu watano. Nyimbo za SEVENTEEN, kundi la watu 13, zikichezwa na watu saba zinakuwa kitu kingine. Piramidi zinabomoka, wimbi la mikono linalotoka mtu wa kwanza hadi wa mwisho linakwisha kabla halijaonekana, na kuna maskini mmoja anayekimbia huku na huko kuziba nafasi za watu wawili.

Kava ya K-pop ni kuucheza wimbo kama ulivyotungwa, stepu kwa stepu na nafasi kwa nafasi. Watu wengi husikia nusu ya kwanza tu. Stepu mtu huzimudu peke yake chumbani kwa wiki moja au mbili. Kinachokula miezi ni nafasi: nani yuko wapi, anahama lini, akihama anapita mbele ya nani na nyuma ya nani. Makundi tuliyoyaona yakivunjika, mengi yalivunjikia hapo, stepu zote zikiwa zimeshakaa kichwani.

Dansi hii imeenea duniani kwa sababu imetengenezwa ili iigwe. Karibu kila wimbo una kile ambacho Wakorea wenyewe hukiita pointi, yaani kitendo kimoja rahisi kwenye kiitikio ambacho hata mtoto anaweza kukirudia baada ya kukiona mara moja. Wonder Girls walikuwa nacho kwenye "Tell Me" mwaka 2007. Super Junior walisugua viganja kwenye "Sorry, Sorry" mwaka 2009. Julai 2012 PSY akakunja mikono kama aliyeshika hatamu za farasi, na Desemba mwaka huohuo video ya "Gangnam Style" ikawa ya kwanza kutazamwa mara bilioni moja kwenye YouTube. Lakini mashabiki walikuwa wameshaanza kabla yake. Mei 2011 vijana wa Paris walikusanyika na kucheza nje ya jumba la makumbusho la Louvre wakidai onyesho la pili la wasanii wa SM, kampuni ya muziki ya Korea, kwa kuwa tiketi za lile la kwanza zilikuwa zimekwisha. Walilipata.

Tena si kitu kilichotoka Korea pekee. Stepu za "Replay" ya SHINee, mwaka 2008, zilitungwa na Rino Nakasone, Mjapani aliyejenga jina lake Marekani. Kwenye "Idol" ya BTS, mwaka 2018, mna gwara gwara ya Afrika Kusini ndani ya mchanganyiko wenye dansi za jadi za Kikorea. Watu wa pwani yetu hawapaswi kulishangaa hili. Beni zetu, zile ngoma za mashindano za enzi za ukoloni, Marini na Arinoti, ziliiga gwaride na bendi za wanajeshi wa Kizungu kwa sare, vyeo na mistari iliyonyooka, na mashindano yakawa makali kuliko kwa wenye gwaride lao.

Turudi kwenye kazi. Chanzo cha kujifunzia ni video ya mazoezi ambayo kampuni ya wasanii huitoa yenyewe: kamera imesimama mahali pamoja, watu wote wanaonekana kutoka kichwani hadi miguuni, nguo ni za kawaida. Video rasmi ya wimbo haifai, maana picha hukatwa kila sekunde mbili na katikati ya ubeti unaonyeshwa mtu amekaa kwenye gari. Ya pili kwa ubora ni ile ya kamera inayomfuata msanii mmoja mwanzo hadi mwisho kwenye vipindi vya muziki vya televisheni ya Korea kama Music Bank au M Countdown. Hiyo humsaidia kila mtu kumsoma wake, hadi kope. (Video ya namna hiyo ikimwonyesha Hani wa EXID iliufufua wimbo "Up & Down" mwishoni mwa 2014, miezi kadhaa baada ya wimbo wenyewe kutoka. Msidharau kamera ya shabiki.)

Sasa, kushoto na kulia. Kwenye video ya kawaida msanii anakutazama, hivyo mkono wake wa kulia uko kushoto mwa skrini yako. Mtandaoni kuna nakala zilizogeuzwa kama kioo, ambapo ukiinua mkono ulio upande uleule unaouona, umeinua ulio sahihi. Utazijua kwa maandishi ya kwenye fulana, yanasomeka kinyumenyume. Za kioo ni za kujifunzia stepu. Kwa kuchora nafasi, tumia video ya kawaida, kwa sababu hivyo ndivyo mtazamaji atakavyowaona. Aliye kushoto mwa skrini, yeye mwenyewe akisimama anajihisi yuko kulia. Kundi lisilokubaliana juu ya hili siku ya kwanza litagundua wiki ya nne kwamba watatu wanageukia huku na wawili kule, na kufuta kilichokwishazoeleka mwilini ni kazi ngumu kuliko kujifunza upya.

Wimbo tunaukata kwa nane, yaani mafungu ya mapigo manane. Chukua "Dynamite" ya BTS, yenye mapigo 114 kwa dakika: nane moja inakwenda kwa sekunde 4.2 hivi, na wimbo mzima wa dakika 3 na sekunde 19 una nane kama 47. Ukipunguza mwendo hadi 0.75 unabaki na mapigo 85 na ushee, nane moja sekunde 5.6. Tusichokishauri ni 0.5. Mwili ukipewa muda mrefu hivyo hujaza nafasi kwa mbwembwe zake, na mbwembwe hizo hubaki hata mwendo ukirudi. Nane nne kwa siku zinatosha. Anayejifunza kumi kwa usiku mmoja anakuja na sita zenye makosa.

Kuhesabu kwa Kiswahili kuna mtego wake. Mwendo ukiwa wa haraka watu hukata maneno: "mo, mbi, ta, nne, ta, si, sa, na". Tatu na tano zote zimekuwa "ta", sita na saba zinafanana masikioni, na hapo ndipo mtu anapogeuka kwenye tatu badala ya tano. Wengine huhesabu kwa Kiingereza na yakaisha. Sisi tumeona bora zaidi kuimba ngoma yenyewe kwa mdomo, "tu, ka, tu-tu, ka", kwa sababu kitendo kingi cha K-pop kimekaa juu ya sauti fulani ya ngoma au besi, nacho hakijali namba.

Fomesheni, yaani mpangilio wa kusimama, huanzia kwenye daftari la hesabu, lile la viboksi. Kiboksi kimoja ni nusu mita. Mstari wa katikati ni sifuri, kulia na kushoto ni moja, mbili, tatu. Kila mpangilio unachorwa kwenye ukurasa wake: herufi ya kwanza ya jina la kila mtu, mshale wa anakokwenda, na namba ya nane anayoanzia kuhama. Wimbo wa kawaida hutupa kati ya mipangilio 15 na 25. Kisha tepu ya karatasi inabandikwa sakafuni kwa namba zilezile. Isiwe ile ya plastiki ya kahawia, inaacha gundi na mwenye ukumbi hatawakaribisha tena.

Kabla ya kucheza, tembeeni. Wimbo wote, bila mkono wala kiuno, kutoka nafasi hadi nafasi, mmoja akihesabu. Ni zoezi linalochosha akili na linaonekana la kijinga kwa wapita njia, lakini ndilo linaloonyesha wapi watu wawili watagongana. Kanuni yetu ni kwamba anayekwenda mbele katikati ana haki ya njia, na anayetoka katikati anapita nyuma yake. Ikiwa wote wawili wanakwenda pembeni, aliye mbele haangalii nyuma kamwe. Jukumu la kukwepa ni la aliye nyuma, kwa kuwa yeye ndiye anayeona.

Halafu kuna hesabu ya miguu. Kwa mapigo manne una hatua nne, na hatua ya mtu anayecheza haizidi sentimita 70 hivi bila kuonekana anakimbia. Hiyo ni chini kidogo ya mita 3. Nafasi yako mpya ikiwa mita 4, ondoka mapema au msogeze nafasi zote karibu. Kosa la wanaoanza halibadiliki: hatua tatu za kwanza ndogo kwa woga, ya nne kuruka kama chura. Tunawaambia hatua kubwa iwe ya kwanza. Na mguu unaoondokea ujulikane, kwa sababu ukitua na uzito wote kwenye mguu wa kushoto huwezi kuondokea wa kushoto, na hapo pigo moja limepotea.

Safu ya nyuma isimame kwenye mapengo ya safu ya mbele, wala si mgongoni mwa mtu. Jambo dogo, lakini mtu anapofikiria kiitikio analisahau kila mara. Na Jumamosi ambayo mmoja hakuja, nafasi yake tunaweka dumu la maji la lita 20, na mwenzake wa karibu analisogeza kila mpangilio. Watu hucheka. Wiki inayofuata aliyekosekana anarudi na kukuta pengo lake lipo palepale.

Wakorea wana neno kalgunmu. Kal ni kisu, gunmu ni dansi ya kundi: kucheza kwa pamoja kwa ukali wa kisu. Kundi la Infinite lilipata sifa kwa hilo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Tulidhani siri ni kuanza pamoja. Siyo. Watu wazuri huanza pamoja bila taabu, wanachotofautiana ni kufika. Mmoja mkono wake unafika kwenye pigo, mwingine robo ya pigo baadaye, na kwa mtazamaji picha nzima inaonekana kuwa na ukungu. Dawa ni kujirekodi, kusimamisha video kwenye kila pigo la kwanza na la tano la nane, na kutazama viwiko tu. Siku nyingine tazama magoti tu. Ukitazama kila kitu kwa pamoja hutaona kitu.

Waliokulia kwenye rumba, singeli au amapiano wana faida na mzigo. Faida ni kwamba uzito wao uko chini na magoti yao yako hai. Mpe mtu wa hivyo gwara gwara ya "Idol" hana cha kujifunza. Mzigo ni kwamba mwili unaendelea kudunda baada ya kitendo kuisha, wakati K-pop mara nyingi inataka kitendo kife palepale. Zoezi tunalotumia ni kupiga kitendo kimoja kwenye pigo la kwanza na kuganda hadi la tano, pumzi ikiwa imetolewa. Anayeshikilia pumzi hutetemeka. Urefu nao unachanganya watu: mrefu na mfupi wasilazimishwe kufikisha mikono kimo kimoja. Kinachosawazishwa ni pembe ya mkono. Kimo husawazishwa kwenye kuchuchumaa, hapo mrefu ajikunje zaidi.

Mdomo pia hucheza. Anayeimba kwenye wimbo ndiye kamera inayemtafuta, na akifumba mdomo kava inakufa. Usitegemee maneno ya Kikorea yaliyoandikwa kwa herufi zetu. Msomaji wa Kiswahili husoma kila herufi, na akikutana na "eo" husema e-o, silabi mbili, wakati ni irabu moja inayokaribia o ya mdomo wazi. Hangul, yaani maandishi ya Kikorea, ina herufi 24 za msingi na kwa bidii kidogo wiki mbili zinatosha kuzisoma polepole. Kosa letu jingine la kuzaliwa nalo ni kumalizia neno kwa irabu: "nun" inakuwa "nuni", silabi imeongezeka, mdomo umechelewa na mkono unaufuata.

Mwili unalipa. Zege na vigae havirudishi nguvu kama mbao, kwa hiyo kuruka kote kunaishia kwenye muundi, na maumivu ya mbele ya mguu chini ya goti yakianza, siyo ya kuzoea, ni ya kupumzika. Pasheni misuli dakika 15, shingo ikiwamo, maana nyimbo za kuzungusha nywele huwafanya watu waamke kesho yake hawawezi kugeuka. Kinga za magoti zivaliwe ndani ya suruali tangu zoezi la kwanza la kushuka chini, si siku ya kurekodi. Raba zenye meno makali hushika sakafu wakati goti linageuka, na goti ndilo linaloumia, kwa hiyo soli bapa ni salama zaidi. Kwenye vigae vyenye vumbi futa soli kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya wimbo. Kwa nguvu zote, wimbo mzima, mara nne kwa siku zinatosha. Zilizobaki chezeni nusu nguvu, nafasi tu.

Kurekodi hadharani kwa mkupuo mmoja ndiko kunakotafutwa na wengi, na ndiko wanakoaibika. Simu ikae kwenye stendi, imelala, kimo cha tumbo au kifua. Tumia lenzi ya kawaida ya 1x. Ile ya 0.5 inavuta watu wa pembeni wakaonekana na vichwa vya tikiti. Kwa umbali wa mita 6 utapata upana wa mita 7 hivi, tosha kwa watano. Funga fokasi na mwanga ili picha isibadilike kila mtu anapopita mbele. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, kwa sababu mama yake mtu atapiga dakika ya pili na nusu. Acha nafasi ya kutosha kwenye simu: dakika moja ya 1080p hula kati ya MB 60 na 130 kutegemea simu na mpangilio wake.

Spika iwe moja, mbele, karibu na kamera. Spika mbili za Bluetooth zisizooanishwa vizuri hupishana kidogo sana, na walio kushoto wanacheza wimbo tofauti na walio kulia. Wakati wa kuhariri, sauti ya simu hutupwa na kuwekwa wimbo safi, lakini usiitupe mapema. Linganisha mawimbi ya sauti mbili hizo kwanza, au mtu apige kofi mbele ya kamera mwanzoni. Ikipishana fremu mbili au tatu, kundi zima litaonekana limechelewa, na maoni yatakayofuata mnayajua.

Saa nzuri ni asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu. Jua bado liko pembeni, lami haijachemka, watu ni wachache. Saa sita mchana nyuso zote zina vivuli chini ya macho. Ombeni ruhusa kwa mwenye eneo mapema na mje nayo ikiwa imeandikwa. Mlinzi hana sababu ya kuwaamini kwa mdomo, na kumkuta ameshaudhika ni kupoteza siku. Mtu mmoja asiyecheza awe wa kusema na wapita njia. Majaribio matatu au manne, basi. Kufikia la tano miguu imekufa na tabasamu limekuwa la kulazimisha.

Kuna pia mchezo wa nyimbo za ghafla, uliojulikana kupitia kipindi cha Weekly Idol na sasa unachezwa viwanjani kila pembe ya dunia. Watu huzunguka duara, kiitikio kinapigwa bila kutangazwa, anayekijua anakimbilia ndani na kushika nafasi. Ukiuandaa, kata viitikio vya sekunde 30, katikati weka sauti ya kuhesabu kurudi nyuma kwa sekunde tano. Nyimbo 60 zinakupa dakika 35, na hiyo inatosha kwa jua letu. Sawazisha sauti za nyimbo zote kabla, maana rekodi nyingine ziko chini na nyingine zinapiga kelele. Changanya za zamani ili waliokuwa mashabiki wakati wa "Gee" ya Girls' Generation, mwaka 2009, nao wapate kuingia. Tangaza mbele ni wapi, la sivyo wimbo wa kwanza utachezwa pande nne. Duara hujifunga lenyewe kadiri watu wanavyosogea kuona, hivyo chora kwa chaki na kila baada ya nyimbo kumi warudishe nyuma ya mstari.

Kuhusu fedha, msijidanganye. Ukipandisha kava YouTube, mfumo wake hutambua wimbo na kwa kawaida mapato ya matangazo huenda kwa mwenye wimbo. Video yenyewe mara nyingi hubaki, ingawa yaweza kufungwa katika nchi fulani. Chini ya video andikeni jina la msanii na, mkimjua, mtunzi wa stepu. Watunzi hao walikuwa hawatajwi sana. Kipindi cha Street Woman Fighter cha mwaka 2021 ndicho kilichowafanya Wakorea wa kawaida waanze kuwajua kwa majina, Noze na dansi yake ya "Hey Mama" akiwa miongoni mwao. Walio chini ya miaka 18 wasionekane kabla wazazi hawajakubali. Video ghafi isifutwe baada ya kupandisha, na daftari la viboksi litunzwe na mtu mmoja anayejulikana. Mwenzenu akihamia mji mwingine, atakayeshika nafasi yake ataanzia kwenye kurasa hizo, akiifuata herufi yake kutoka mshale hadi mshale.